Eti dakika kumi tu

Nina jamaa yangu, shabiki wa mbio za saketi mpaka basi. Nilimwonyesha video ya pikipiki kwenye mbio za kupanda mlima Pikes Peak, kule Colorado, Marekani, kamera iko kwenye helmeti, nikakaa pembeni nasubiri aseme "duh". Kaangalia mpaka mwisho, karudisha simu, kasema: "Sasa hii dakika kumi tu? Kwenye saketi hapo ndo kwanza tairi zinapata moto. Na wanapanda mlima tu, unakamua mafuta basi." Nikanyamaza maana tulikuwa na wageni. Ila ilinikera, na bado inanikera, kwa hiyo nyie ndo mtaisikia.

Ufupi ndo ubaya wenyewe! Kwenye saketi una kona kumi na ngapi sijui, unazizunguka zilezile mpaka unazichoka. Ukiharibu kona ya tatu unasonya, baada ya dakika moja na nusu hivi kona ya tatu inakuja tena, unaikata vizuri, maisha yanaendelea. Mlima hauna huruma hiyo. Pikes Peak ina kona 156 ndani ya kilomita karibu 20, na siku ya mbio kila moja unakutana nayo mara moja tu, ukiikosea imeenda, au umeenda wewe.

Halafu mazoezi yao sasa. Barabara ile ni ya watalii, kwa hiyo wanafanya mazoezi alfajiri kabla haijafunguliwa, na hawapewi mlima mzima, wanagawiwa vipande: leo chini, kesho katikati, siku nyingine juu. Maana yake siku ya mbio ndo mara ya kwanza mtu anaunganisha vyote kwa mwendo wa kweli, kutoka chini mpaka kileleni, bila kusimama. Kona 156 kichwani, kwa mpangilio, na kule chini kwenye miti zinafanana kama mapacha, unaingia moja ukidhani ni ile inayofunguka kumbe ni ile inayozidi kujikunja, na ukigundua uko katikati yake na mwendo ambao hauwezi kuurudisha. Kwenye saketi ukizidisha kuna uwanja wa changarawe unakupokea. Kule juu kuna sehemu lami ikiisha kinachofuata ni hewa. Kuna mahali wamepaita Bottomless Pit, na hakuna aliyepaita hivyo kwa utani.

Ngoja niifanyie hesabu hiyo "dakika kumi tu". Mwaka 2012 Carlin Dunne, akiwa na Ducati Multistrada, ndo alikuwa mtu wa kwanza kupanda kwa pikipiki chini ya dakika kumi: 9:52.819. 2017 Chris Fillmore na KTM akashusha mpaka 9:49.625. 2019 Rennie Scaysbrook na Aprilia akaweka 9:44.963. Kwa hiyo miaka saba, pikipiki zimebadilika, tairi zimebadilika, mielektroniki imejaa kila mahali, na walichopata ni sekunde zisizofika 8. Gawanya kwa kona 156 uone, ni kama 0.05 ya sekunde kwa kona. Watu wanakimbizana na kitu hicho ambacho hata kupepesa jicho ni kirefu zaidi, halafu wewe uko kwenye kochi unasema wanakamua tu.

Na hiyo habari ya kukamua. Aliyewahi kupanda kilima chenye kona kali na pikipiki yenye nguvu kidogo anajua kwamba kukamua ndo kitu ambacho huwezi kukifanya. Mlima unausukuma uzito wote nyuma, tairi la mbele linabaki linagusa lami kwa heshima tu. Unatoka kwenye kona ya U, gia ya kwanza au ya pili, pikipiki bado imelala kidogo, ukivuta mafuta kama unavyovuta kwenye tambarare mbele inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi mikononi kama haujaunganishwa na chochote, na kona inayofuata hiyo hapo, na tairi linalotakiwa kukukatia kona liko hewani. Kwa hiyo unaegemea mbele mpaka kidevu kinakaribia saa ya mwendo, unavuta kidogo, unasikilizia, unaongeza. Ni kazi ya mikono taratibu inayofanywa haraka sana. Kwenye breki nako kuna mtego wake, maana ukiwa unapanda mlima wenyewe unakusaidia kusimama, unajizoesha kuchelewa kushika breki, unachelewa, unachelewa, raha kabisa, halafu unafika kipande ambacho barabara inalala tambarare na breki ileile ya muda uleule haikutoshi. Hakuna kibao kinachokuonya.

Hewa je? Wanaanzia mita 2,862 juu ya bahari wanamalizia mita 4,302. Injini ya kawaida isiyo na tabo (turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa) inapumua kama sisi tu, ikifika juu theluthi moja nzima ya nguvu yake, au hata zaidi, haipo. Ile pikipiki iliyoondoka chini inakung'ang'ania, juu inakuwa mpole, na kichwa chako nacho kinakuwa mpole, wakati kona ndo zimezidi ukali na baridi imeshika tairi. Chini waweza kuondoka kuna jua, juu ukakuta mvua ya mawe au theluji. Ndo maana mwaka 2013 huyohuyo Dunne alikuja na pikipiki ya umeme ya Lightning akapiga 10:00.694, akaziacha zote za petroli kwa sekunde kama 20. Mota haihitaji oksijeni. (Wapenzi wa mlio wa injini mnisamehe, mimi mwenyewe iliniuma.)

Kuna wazee wanaosema mlima ulikufa lami ilipokamilika 2011, kwamba enzi za changarawe ndo kulikuwa na wanaume. Siwezi kusema hawana hoja kabisa, kuteleza kwenye changarawe kandokando ya korongo kunahitaji moyo wa aina yake. Lakini lami imeongeza mwendo, na kwa mwendo ule korongo ni lilelile. Na lami ya kule juu inaganda na kuyeyuka kila mwaka, ina mabonde na matuta ambayo kwenye gari ni usumbufu, kwenye pikipiki iliyolala ni kesi nyingine.

Hapo ndo panapouma. 2019 Dunne alianguka karibu kabisa na mstari wa kumaliza, akafariki. Mwaka uliofuata waandaaji wakasimamisha pikipiki, na 2021 wakasema basi, moja kwa moja. Magari yanaendelea, hongera zao. Nimetafuta hoja ya kuwajibu waandaaji na sijaipata, hakuna namna ya kuuwekea mlima ule uzio wa kumlinda mtu asiye na bodi ya chuma kumzunguka. Nakubali. Sipendi kukubali, ila nakubali. Matokeo yake ile 9:44.963 imebaki pale, hakuna anayeruhusiwa hata kuijaribu.

Na ukitaka fupi kweli, Uingereza wana mbio za kupanda kilima cha Shelsley Walsh, mita 914, tangu 1905. Wenye mashine kali wanamaliza chini ya nusu dakika, kwa barabara nyembamba. Ukitetereka kwenye klachi tu pale mwanzo, siku yako imeisha.

Zile mbio nyingine za Marekani za kupanda ukuta wa udongo sizigusi sana, huo ni ugonjwa mwingine. Hakuna barabara, ni mlima na mtu. Pikipiki imerefushwa nyuma isimpindukie, kuna kamba imefungwa mkononi ili akitupwa injini izime, na wengi hawafiki juu kabisa.

Ila mlima haujaisha. Italia na Ufaransa wana michuano yao ya taifa ya kupanda, pikipiki zimo. Uswisi nako baada ya balaa la Le Mans 1955, gari liliporukia watazamaji kwenye mbio kule Ufaransa na kuua zaidi ya 80, walipiga marufuku mbio za saketi, wakaacha za milimani, kwa hiyo kuna serikali nzima iliyowahi kuamua kati ya hivi viwili ni kipi kiondoke, mashabiki wa saketi mlitafakari hilo.

Siku ukipata nafasi ya kwenda kuangalia, usiende kukaa kwenye mstari wa kumalizia, utaona kofia inapita. Kaa mahali wanapotokea kwenye kona ya U, upande wa ndani, nyuma ya kamba, uangalie tairi la mbele na mabega. Mwepesi wa kweli kwa macho anaonekana mzembe, mbele inanyanyuka kidogo tu kisha inatua kabla hajaihitaji. Anayepiga kelele nyingi na kunyanyua sana, subiri muda wake utangazwe.