Mungu, tajiri na mume: gazeti la wanawake wa Buenos Aires

Wanawake wa uanakisti (siasa ya kukataa serikali na mabwana wote) wa karne ya 19 wanapotajwa, utamsikia Louise Michel wa Komyuni ya Paris, ile serikali ya waasi wa jiji hilo ya 1871, kisha Lucy Parsons wa Chicago, huyu mara nyingi kama mjane wa Albert Parsons, mwanakisti aliyenyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Wanastahili kutajwa. Lakini harakati haiendeshwi na mashujaa wawili. Kuna walioandika, waliochanga, waliomlipa mpiga chapa. Hao mimi nawatafuta Argentina.

Tarehe 8 Januari 1896 lilitoka Buenos Aires gazeti la La Voz de la Mujer, yaani Sauti ya Mwanamke. Waliliandika wanawake wa jamii za wahamiaji wa Kihispania na Kiitaliano, karibu lote kwa Kihispania. Mmoja wao alitia saini Pepita Gherra, na Gherra hiyo masikioni ni neno la Kihispania la vita. Wito wao ulikuwa: wala Mungu, wala tajiri (yaani mwajiri), wala mume.

Hilo la tatu ndilo lililowasha moto. Waanakisti walikwisha kuzoea kuwakana Mungu na tajiri. Kumweka mume safu moja na hao lilikuwa jambo jingine. Hoja ya wanawake hawa ilikuwa nyepesi kuielewa: kama amri ya tajiri kiwandani ni uonevu, amri ya mume haigeuki kuwa haki kwa kuwa imetolewa nyumbani. Fundi cherehani aliyeshinda akishona kazi za watu alirudi akakuta bosi mwingine anangoja chakula. Wakaikataa ndoa, ya kanisa na ya serikali, wakadai mapenzi huru: wawili wakae pamoja kwa hiari, na waachane kwa hiari.

Wenzao wa kiume walikuja juu. Toleo la pili likawajibu kwa tahariri kali, likiwaita waanakisti wa uongo, watu wanaodai uhuru wao huku mke akibaki chini yao. Baadaye wahariri walieleza kwamba hawakuwalenga wote. Mimi nasema ukali ule ulistahili. Ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi: Proudhon mwenyewe, mwandishi wa Kifaransa aliyejiita mwanakisti kabla ya wengi, alishikilia kwamba mwanamke ni ama wa kutunza nyumba ama kahaba. Joseph Déjacque, mwanakisti mwenzake wa Kifaransa, alimsuta kwa barua mwaka 1857, lakini fikra ile haikuzikwa.

Sasa pesa, maana hapo ndipo gazeti lilipobanwa. Halikuwa na bei: msomaji alitoa alichoweza. Michango iliorodheshwa gazetini, wachangiaji wengi wakijificha nyuma ya lakabu, hivyo kila aliyetoa senti aliiona imeandikwa. Naipenda hesabu hiyo ya wazi kuliko hotuba nyingi za zama zile. Tatizo ni kwamba mchango ni wa hiari, deni la chapa si la hiari. Herufi za madini ya risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, mstari baada ya mstari, kisha ukurasa ukafungwa na kukaguliwa kabla ya mashine kuguswa. Kazi hiyo ni ileile uchape nakala 100 au 2,000. Wao walichapa kati ya 1,000 na 2,000, kwa hiyo kupunguza nakala kungeokoa karatasi na wino tu. Tena, nakala moja ikipita mikononi mwa watu kumi, hoja imewafikia kumi, mchango pengine umetoka kwa mmoja.

Toleo la tisa, la tarehe 1 Januari 1897, likawa la mwisho, na madeni yakiwa bado shingoni. Baadaye jina lilelile liliibuka mji wa Rosario, hukohuko Argentina, safari hii mhariri akiwa mwanakisti Virginia Bolten.