Niachieni Shati Langu

Jamani, siasa za nje ni kazi ya mabalozi, na mimi sina shida nao. Wakitaka kula biskuti Geneva, wale. Ila hii siasa ya mitumba imeingia mpaka kabatini, na humo hatukualika mtu.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaafikiana kwamba ifikapo 2019 mitumba iwe imekoma. Viwanda vifufuke, tuvae vya kwetu. Nani apinge? Makofi yakapigwa. Kumbe kule Marekani chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu, SMART, nacho kinasoma maazimio yetu. Mwaka 2017 kikapeleka malalamiko serikalini kwao kwamba ajira 40,000 ziko hatarini. Yaani kuna mtu analipwa mshahara kuchambua fulana alizochoka nazo mwenzake, na ana mtetezi Washington. Machinga wa soko la Karume, Dar es Salaam, mtetezi wake ni miguu yake mwenyewe.

Fimbo ilikuwa AGOA, ile sheria ya Marekani ya 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia kwao bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vinavyoshonea soko hilo hilo, ikajitoa mapema kwenye mpango wa kukomesha mitumba. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza shingo, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Hapo simlaumu Trump hata kidogo: alisema Marekani Kwanza, akafanya Marekani Kwanza. Rwanda nayo naivulia kofia, ya mtumba lakini kofia. Ilijua gharama ikakubali kuilipa. Wengine tulitangaza kwanza, hesabu tukapigiwa na wageni.

Na hesabu yenyewe haihitaji profesa. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Robota la kilo 45 lililokuwa linalipiwa dola 9 likawa dola 112.50, halijafunguliwa. Shati la gramu 250 linabeba senti 62 na nusu. Jinzi ya gramu 600 inabeba dola moja na nusu. Mizani haijui gredi: suruali isiyo na zipu inalipa sawa na ile iliyovaliwa mara moja kanisani. Hasara ya zile mbovu mfanyabiashara anaibandika juu ya zile nzima, na anayezinunua ni wewe na mimi. Nguo mpya kutoka nje, kwa upande wake, kwa kawaida hutozwa asilimia ya thamani, na thamani inatoka kwenye ankara, na ankara inaandikwa na mtu mwenye kalamu. Ukibana mtumba, anayepata nafasi si kiwanda cha Mwanza. Ni shati la poliesta ambalo kola yake inafura mapovu likifuliwa mara ya tatu. Mtumba, angalau, ulikwisha kufuliwa huko ulikotoka. Kama ni kusinyaa, umekwisha kusinyaa, rangi ya kuchuja imekwisha kuchuja. Huo ndio ukaguzi wa ubora, na hauna ofisi.

Mnataka viwanda? Anzeni shambani, si shingoni mwangu. Pamba ikivunwa kwenye mifuko ya plastiki, nyuzi zake zinachanganyika na pamba, hazishiki rangi, na kitambaa kinatoka na madoadoa kana kwamba kimeugua surua. Mkulima akitia maji na mchanga ili mizani ipande, misumeno ya kuchambulia pamba inaliwa. Halafu pamba nyuzi yenyewe, ile iliyokwisha kutolewa mbegu, sehemu kubwa tunaiuza nje. Umeme nao ukikatika mtambo ukiwa unafuma, ukirudi unaacha mstari kutoka pindo hadi pindo, kipande hicho ni cha kukata. Ukikatika kitambaa kikiwa kwenye rangi ya moto, kina upande wa bluu na upande wa huzuni. Hayo hayatibiwi na marufuku. Yanatibiwa na jenereta, transfoma na mnunuzi wa pamba anayelipa zaidi kwa mzigo safi. Lakini hayo hayana utepe wa kukata, na waziri asiyekata utepe anahesabiwa yuko likizo.

Serikali ikipunguza kodi kwenye vipuri na rangi za viwandani, ikatengeneza umeme, kisha ikakaa pembeni, shati la Tanzania litapambana lenyewe na la Ohio. Likishinda nitalinunua bila kuhimizwa na mkuu wa wilaya.

Marufuku moja tu naiunga mkono: ile ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwenye nguo za ndani za mitumba. Chupi, sidiria, soksi. Hapo wahafidhina na wajamaa tumekubaliana, hata SMART sijasikia imefungua kesi. Na bado ukipita mnadani jioni, zinaning'inia kwenye kamba, mia tano mia tano, na foleni ipo.