Uwiano wa moli kwa themomita: kikombe hakina kosa, kosa lipo kwenye jiki

Walimu wa kemia wana ubishi wao wa siku nyingi, mwanafunzi atafute uwiano wa moli (yaani moli ngapi za kitu kimoja zinakula moli ngapi za kingine, moli ikiwa kipimo cha idadi ya chembe) kwa titresheni kama kawaida, kumimina kidogo kidogo toka kwenye bureti, mrija wenye vipimo, mpaka indiketa ibadilishe rangi, au apewe tu themomita na kikombe cha takeaway kile cheupe chepesi apime joto. Mimi nipo upande wa themomita, ila sio upofu.

Kwa ambaye hajawahi kuifanya: unachukua asidi ya salfuriki na kostiki soda, zote moli 1 kwa lita, unachanganya kwa vipimo tofauti ila jumla iwe mililita 60 kila mara, unaangalia mchanganyiko umepanda digrii ngapi. 10 za asidi kwa 50 za kostiki inapanda digrii kama 5, 20 kwa 40 inafika 10 hivi, 30 kwa 30 imeshaanza kurudi, unapata 7. Kilele kipo 20 kwa 40, yaani moli 1 ya asidi imekula moli 2 za kostiki, na ukitoka hapo upande wowote kuna kimoja kinabaki bila mwenzake, kipo kipo tu kinapashwa moto na wengine. Kwa titresheni mtoto anaona rangi imebadilika, basi. Hapa anaona kabisa kwenye grafu nani kaisha kwanza.

Wanaoipinga wataanza na kikombe: kinavujisha joto, majibu gani hayo. Ni kweli kinavujisha, lakini jumla ni mililita 60 kila mara, kikombe ni kilekile, kwahiyo kila mchanganyiko unapoteza karibu sehemu ileile, grafu inapungua kimo tu ila kilele hakihami. Kama ulikuwa unatafuta nishati kwa moli hapo sawa, utaumia. Kwa uwiano, hapana. Watu wanachanganya hivyo vitu viwili kila siku. Mimi kinachoniudhi zaidi ni kostiki iliyoyeyushwa saa hiyohiyo, bado ya moto, inamiminwa kwenye asidi ya baridi, halafu mtu anashangaa namba zake. Na wale wanaochukua namba kubwa kwenye jedwali wakaiita kilele, wakati ilibidi wachore mistari miwili, wa kupanda na wa kushuka, waangalie inakatana wapi.

Hoja nzito ya wapinzani ni nyingine na wengi hata hawaisemi. Themomita haihesabu moli, wewe umepima mililita tu na ukaamini maandishi ya kwenye chupa. Chukua jiki na thiosalfeti (chumvi yenye salfa) ndani ya kostiki kidogo, zote moli 0.5 kwa lita, jumla mililita 50. Uwiano wake ni 4 kwa 1, kilele kinatakiwa kiwe 40 za jiki kwa 10. Sasa jiki inachakaa ikikaa, tuseme imeshuka mpaka 0.4 na chupa bado inasema 0.5. Kilele kinahamia 41.7 kwa 8.3. Gawanya: 5 kwa 1. Namba nzima, safi kabisa, mtoto anaandika 5 bila wasiwasi na mwalimu akiwa mvivu anampa tiki! Kwenye asidi na kostiki, kostiki ikishuka hivyohivyo angepata 2.5, sio namba nzima, akashtuka, hapa hakuna kitu cha kumshtua.

Ungeniambia basi tubaki na asidi na kostiki. Tatizo jibu lake kila mtu analijua toka darasani, kwahiyo data zinapikwa, na nishaona grafu nzuri kuliko themomita yenyewe inavyoweza kusoma. Jiki na thiosalfeti huwezi kuipika kirahisi maana hakuna anayekumbuka jibu, tena thiosalfeti hiyohiyo ikikutana na ayodini inakwenda 2 kwa 1. Paul Job, Mfaransa ambaye njia hii ya kubadilisha vipimo huku jumla ikibaki palepale inaitwa kwa jina lake, mwaka 1928 alikuwa anapima mwanga unavyofyonzwa, sio joto, lakini mtego ni uleule, usipojua nguvu ya solusheni zako kilele kinakupeleka kinakotaka.

Kwahiyo siku ya jiki, asubuhi kabla watoto hawajaingia, chupa ya jiki inapimwa kwanza nguvu yake kwa bureti. Ndio, titresheni ileile tuliyokuwa tunaikimbia, na kinachomiminwa toka kwenye hiyo bureti ni thiosalfeti.