Mkoko nao huzama

Mwaka juzi nilijiunga na kundi la watu kupanda mikoko, kusini mwa Mombasa. Tukagawiwa fulana mpya. Mgeni rasmi akasema "ndio kwanza mkoko unaalika maua", tukapiga makofi, kisha tukachomeka zile mbegu ndefu kwenye tope la mbele kabisa, mahali ambapo maji hayapwi ila kwa muda mfupi. Miezi saba baadaye nilikuta vijiti vichache vimevikwa magamba ya baharini.

Kosa letu ni kudhani kwamba mti ukishaitwa mkoko, basi chumvi na maji ni chakula chake. Chuma jani la mchu, mmojawapo wa miti ya jamii ya mikoko, siku ya jua kali ulirambe. Chumvi tupu! Mchu huizuia kiasi mizizini, na inayopenya husukumwa nje na vitezi vya kwenye majani, ikikauka unaona vichembe vyeupe. Mkoko wenyewe, ule wenye miguu mingi, hauna vitezi hivyo. Wenyewe huibania chumvi nyingi huko huko mizizini. Kazi hiyo yote inaula mti nguvu. Ndiyo maana nyuma ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambako maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hukauka na kuacha chumvi kali ardhini, utaukuta mchu wa miaka mingi una kimo cha mbuzi.

Chumvi ina nafuu, shida kubwa ni pumzi. Tope la hori linanuka yai viza kwa sababu halina hewa. Kwa hiyo mchu huchomoza vijizizi kama penseli, mwenzake mlilana huchomoza vinene kama pembe, mwingine, muia, hukunja mizizi kama magoti, na miguu ya mkoko ina vitundu. Maji yakipwa, vyote hivyo huvuta hewa. Yakijaa, mti huishi kwa akiba. Mche mfupi uliopandwa mahali panapofunikwa karibu kutwa nzima hauna saa ya kuvuta pumzi. Tuliuzamisha wenyewe, tena kwa tabasamu.

Hata msitu mzima hufa hivyo. Mafuriko ya El Nino ya 1997-98 yalishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, Mombasa, ukaifukia mizizi ya kupumulia, mikoko ikakauka imesimama.

Mimi sipingi upandaji. Kule Gazi, kijiji cha pwani kusini mwa Mombasa, walirudishia miti pale palipokuwa na msitu kabla haujakatwa kuni za viwandani miaka ya 1970, na leo unaweza kutembea chini ya kivuli chake. Ninachopinga ni kuhesabu miche iliyochomekwa badala ya iliyopona, na kutomuuliza mvuvi wa kaa wa hapo ni mti gani ulisimama wapi.

Mwezi uliopita nilipita tena pale petu. Hatua kama sitini kuelekea nchi kavu, miche ya mchu imejiotea yenyewe, mingine ina majani manne, mingine imeshang'atwa na mbuzi.