Kurasa 38, Jina Moja

Bi mkubwa mmoja wa Jambiani, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba saba, alinipigia simu Ijumaa baada ya sala. Zikapita salamu, za nyumbani na za watoto, kisha akasema: "Mwanangu, kuna mgeni hapa ananionyesha simu yake, mie simfahamu anataka nini. Hebu njoo uone."

Nikaenda Jumamosi kwa gari ya 309. Mgeni mwenyewe keshaondoka, lakini aliacha picha ya kioo cha simu yake. Alikuwa amefungua kurasa sita za tovuti ya nyumba ile: chumba cha chini, chumba cha juu, chakula, safari za ngalawa, namna ya kufika, na bei. Juu ya kila ukurasa, maandishi yale yale: "Karibu Zanzibar – Nyumbani". Mgeni alikuwa akiitafuta ile ya bei aliyoisoma usiku, akafungua huku, akafunga kule, mwisho akaona bora amuulize mtu.

Tovuti ile sikuijenga mie. Nasema mapema nisije nikaonekana najisifu, maana aibu yangu inakuja hapo chini.

Kila ukurasa wa tovuti una kichwa kinachokaa ndani ya kodi (code), yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga ukurasa, mbali na yale maandishi makubwa unayoyaona ukurasa ukifunguka. Ndicho kinachotokea juu ya brauza, programu unayofungulia tovuti, ndicho kinachohifadhiwa ukiuwekea ukurasa alama, na mara nyingi ndicho kinachokuwa mstari wa kubonyeza kwenye matokeo ya Google. Chini yake huja maelezo, mistari miwili hivi ya kumwambia msomaji ndani kuna nini. Fundi wa bi mkubwa alikiandika kichwa kwa mkono katika faili moja ya kiolezo, ile inayorudiwa na tovuti nzima. Tovuti ina kurasa 38. Zote zikaitwa Nyumbani.

Chukua gari za shamba. Ya 116 inakwenda Nungwi, ya 309 Jambiani, ya 326 Kizimkazi, na konda anapiga kelele juu yake. Sasa bandika gari zote kibao kimoja, "Gari ya Abiria Zanzibar", na konda umzibe mdomo. Gari zitaondoka tu, lakini nani atapanda?

Hapa mafundi wenzangu hupenda kutisha watu, ati Google inakuadhibu kwa vichwa vinavyojirudia. Haikuadhibu. Ikiona kichwa hakifai inajitungia chake, na tangu Agosti 2021 inategemea zaidi maandishi makubwa yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Saa nyengine inapatia, saa nyengine inaokota neno la ovyo. Na maelezo ndiyo kabisa: Google ilisema wazi tangu 2009 kwamba hayahesabiwi katika kupanga nani awe juu. Anayekutoza pesa akuandikie maelezo ili upande juu, anakuuzia upepo. Maelezo kazi yake ni ya konda, kumwita mtu apande.

Kuvitafuta vichwa vinavyojirudia si kazi ya kutoa jasho. Kwa tovuti ndogo, andika site: kwenye Google, ufuatishe anwani ya tovuti bila nafasi, usome matokeo kama unavyosoma orodha ya majina ya skuli. Yanayofanana yatakurukia machoni. Lakini kwa kuwa Google hujitungia vichwa vyake, usiyaamini macho peke yake. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, utafute neno title ndani ya kodi. Kwa tovuti kubwa, iko programu ya Screaming Frog, ya bure hadi anwani 500, na kwa nyumba nyingi za wageni za huku hizo ni nyingi kupita kiasi. Inaitembelea tovuti nzima na kukupa jedwali: panga kwa safu ya vichwa, mapacha watakaa pamoja. Zamani Google yenyewe ilikuwa ikitoa orodha hiyo ndani ya zana zake za wenye tovuti, kisha zana hizo, zinazoitwa Search Console, zilipobadilishwa sura orodha ikaondoka. Mie naona walituonea.

Jambiani programu ilimaliza kabla sijamaliza kikombe cha chai. Ikaleta anwani 91. Bi mkubwa akashtuka: "Mbona ulisema 38?" Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanakimbilia kuandika vichwa 91. Ukurasa wa bei ulikuwa mmoja tu, lakini ukifikiwa kwa milango mingi: wenye www na usio na www, wa http na wa https, wenye mkwaju (/) mwishoni na usio nao. Huo si ukurasa wa kupewa jina jipya. Ni nyumba moja yenye milango hadi minane. Unachagua mmoja, iliyobaki unaielekeza huko kwa 301, amri ya kusema anwani hii imehamia kule moja kwa moja. Pale usipoweza kuelekeza, kama anwani zinazozaliwa mtu akipanga vyumba kwa bei, unaweka tagi ya canonical, ambayo Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza kwa pamoja Februari 2009, ya kusema asili ni ipi. Baada ya kufunga milango tukarudi kwenye 38, na hizo ndizo zilizohitaji mtu.

Nasema mtu kwa makusudi. Zipo plagini, yaani viongezo, za WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, zinazojaza vichwa kwa kanuni, jina la ukurasa kisha jina la nyumba, na kwa kuanzia zinafaa. Lakini kama ukurasa wenyewe umeitwa "Chumba 1", plagini itakupa "Chumba 1" na jina la nyumba, na hilo halimsaidii mtu aliyekaa kwao akitafuta pa kulaza watoto watatu. Kwa hiyo nikaiweka kompyuta barazani, nikamuuliza bi mkubwa chumba kimoja kimoja, hiki kina nini ambacho kile hakina. Akacheka kwanza, kisha akaanza. Hiki ndicho cha watu na watoto wao, kina vitanda vinne. Hiki kipo juu, maji yakijaa unaisikia bahari, yakitoka unawaona wanawake na mwani wao. Hiki hakina ngazi hata moja, tunawapa wazee. Nikaandika karibu kama alivyosema: "Chumba cha familia, vitanda vinne, Jambiani", halafu jina la nyumba mwisho, kwa sababu kwenye simu maneno ya mwisho hukatwa. Herufi 50 au 60, basi.

Maelezo nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi: kama huna la kusema juu ya ukurasa huo, acha patupu. Google itachukua sentensi ndani ya ukurasa wenyewe, na sentensi ya kweli iliyokatwa vibaya ni bora kuliko uongo ulionyooka. Uongo huo niliuandika mie. Miaka michache nyuma nilimtengenezea bwana mmoja wa Chake Chake tovuti ya kutembeza wageni. Nilikuwa na haraka, nikachukua maelezo ya tovuti nyengine niliyoimaliza Unguja, nikayaweka akiba, kwamba ukurasa wowote usio na maelezo yake uchukue hayo. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja wenye maelezo yake. Kisiwa cha Misali, msitu wa Ngezi, popo wa Pemba, vyote vikatoka Google na maneno "Tembelea mashamba ya viungo ya Kizimbani". Kizimbani iko Unguja. Bwana akanipigia simu usiku: "Yakhe, Misali umenihamishia shamba?" Siku ile nikitembeza zana zangu ningeliona kosa kwa dakika tano. Sikutembeza.

Na liko jengine ambalo huku kwetu ni sugu. Tovuti zetu nyingi zina lugha mbili tatu, Kiingereza, Kiswahili, na Kitaliano kwa ajili ya wageni. Mfasiri hupewa maandishi ya ndani ya ukurasa, anayafasiri vizuri, analipwa, anakwenda zake. Kichwa na maelezo hapewi, kwa sababu havionekani. Matokeo yake ukurasa wa Kiswahili una kichwa cha Kiingereza, pacha wa ule wa Kiingereza, na mtu wa Wete au wa Tanga anayetafuta kwa lugha yake anaona mstari wa kigeni, anapita. Halafu mwenye tovuti anakwambia Kiswahili hakina wasomaji mtandaoni. Ukimpa mtu tafsiri, mpe na vichwa, japo umwandikie kwenye karatasi.

Jambiani tulikwenda hadi alasiri. Vyumba vitano vikapata majina yao bila taabu. Vikabaki viwili vya ua wa nyuma, kila kimoja na ukurasa wake. Bi mkubwa akafikiri, akainuka akaenda kuviangalia kwa macho yake, akarudi.

"Hivyo ni sawasawa. Kitanda kimoja, choo kimoja, bei moja. Sina la kukwambia."

Nikamuuliza, basi kurasa mbili za nini?

"Si mie, huyo fundi ndo aliyeniuliza nina vyumba vingapi."

Nikaubakisha mmoja, nikaandika "Vyumba viwili vya uani, kitanda kimoja kila kimoja", ule mwengine nikauelekeza huko, nikafunga kompyuta nikaiwahi gari.