Ming'oko ya Walakota

Leo hapa Rapid City, South Dakota, bibi mmoja wa Kilakota, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, aliweka mezani misuko ya timpsila na watu wakapanga foleni. Timpsila ni mmea wa porini wa jamii ya kunde, shina lake lina manyoya, mzizi wake ni wa ukubwa wa yai. Unachimbwa Juni, tena haraka haraka, kwa sababu mbegu zikikomaa shina hukatika likapeperushwa na upepo, na hapo hujui tena pa kuchimba. Bibi alikuwa akimenya huku anapiga soga: ganda la kahawia linavuliwa, ndani mweupe, mkia mrefu unaachwa ili mizizi isukwe pamoja na kukaushwa. Wakati wa baridi inaingia kwenye mchuzi wa nyama.

Nikanunua msuko mmoja (bei yake msiniulize), nikamtumia dada picha. Jibu lake: "Marekani yote hiyo mnakula mizizi?"

Jamani! Mtoto wa Mtwara, kakulia ming'oko, mizizi ya porini ya kwetu kusini, ya kuchemsha na chumvi, leo mgeni akibisha hodi anaficha sufuria na kumtuma mtoto dukani akalete mkate.

Najua mtakavyosema. Kaenda majuu juzi, sasa anatufundisha kula. Sifundishi mtu, na wala siwasifu Wamarekani. Ni serikali yao iliyowabana Walakota kwenye maeneo ya kutengwa na kuwagawia unga wa ngano, na sehemu kubwa ya nyika ilikotoka timpsila imeshalimwa. Mpelelezi wa Kimarekani Meriwether Lewis alipopita nyika hizi 1805 aliandika kwamba mzizi huu wenyewe hauna ladha. Walakota wakaendelea kuusuka. Wenzetu wamenyang'anywa ardhi, lakini chakula chao wanakitundika ukutani, mgeni akione. Sisi ming'oko katunyang'anya nani?

"Ni chakula cha njaa," mtaniambia. Sawa, na kimetuvusha. Tena tumuulize Mhadzabe, mwindaji wa kule Ziwa Eyasi, ambaye naye anachimba mizizi ya jamii ya kunde mpaka leo, kama anaona haya kama sisi tuliosoma.

Na wewe utakayeniambia nirudi basi nikauze ming'oko stendi: nitauza. Tena wa kwanza kununua utakuwa wewe, ila utaomba nikufungie kwenye gazeti, watu wasione.