QT ukubwani hapa Dodoma: inalipa au ni kupoteza miaka miwili?

Ukipita vijiwe vya boda vya Sabasaba au kwa mama lishe wa Majengo, hili la mtu mzima wa darasa la saba kurudi kusoma sekondari kwa njia ya QT (Mtihani wa Maarifa) halikosi wabishi, mmoja atakwambia bila kidato cha nne siku hizi huendi popote, mwingine anacheka, una miaka 35, watoto watatu, QT ya nini, si bora hiyo hela uongezee kibanda.

Wote wana pointi. Tuanze na anayesema nenda. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 nafasi za udereva, ulinzi na uhudumu wa ofisi ziko mlangoni kwetu kabisa, ila kwa utumishi wa umma darasa la saba lilishafungiwa njia na waraka ulioanza 20 Mei 2004, kuanzia hapo chini ya kidato cha nne huajiriwi. Wapo waliojaribu njia ya mkato, si mnakumbuka Aprili 2017, ripoti ya uhakiki ilikabidhiwa hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na watumishi 9,932 wakaonekana wana vyeti vya kughushi. Na sera ya elimu toleo la 2023 imeshasema elimu ya lazima ni miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari, kwa hiyo mbele ya safari darasa la saba litazidi kuwa dogo.

Halafu mlango wenyewe sio mrefu kama watu wanavyodhani. Vyuo vingi ngazi ya cheti vinaanzia D nne, somo la dini halihesabiwi. D nne tu! Hakuna anayekudai divisheni wani. Unafanya QT, ukifaulu unakaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yako inaanza na P badala ya S lakini mtihani ni wa NECTA (Baraza la Mitihani) na cheti ni cha NECTA.

Sasa wa upande wa pili. Vituo vingi vya QT vinakusanya fomu wani na tuu mwaka wa kwanza, thrii na foo mwaka wa pili, jioni, mwalimu amechoka na wewe umetoka kwenye mihangaiko yako. Kinachowaua wengi hapo mimi naona sio umri wala akili, ni lugha. Mtu kasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, kakaa miaka kumi na tano hajagusa kitabu, leo anapewa baiolojia na jiografia kwa Kiingereza, anakariri noti asizozielewa, na kwenye pepa swali likigeuzwa kidogo tu anaganda. Hilo vituo haviambii watu, vinakusajili haraka uanze pindi, ada inaingia, matokeo utajua mwenyewe. Kwa kweli hapa nawalaumu wenye vituo kuliko wanafunzi.

Na kuna hili la kwetu kanda ya kati ambalo ratiba hailijui. Mvua yetu ni moja, Desemba mpaka Aprili hivi, na ndo hapo hapo masomo yanapoanza, Januari mtu wa Bahi au Chamwino yuko kwenye mtama na uwele, Februari palizi, akirudi darasani wenzake wako mada ya tano. Afadhali pepa lenyewe ni Novemba, kiangazi chote una nafasi ya kupiga msuli, shida ni huo mwanzo uliomponyoka.

Pia wapo ambao cheti cha kidato cha nne hakiwasaidii kitu. Fundi uashi au seremala wa miaka kumi kazini, huyo VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kupima ujuzi alioupata mtaani na kumpa cheti bila kukaa darasani miaka, aende huko. Na anayesoma akitegemea jeshi au polisi aangalie ukomo wa umri kwanza, asije akafaulu akiwa ameshapitwa.

Mimi naegemea upande wa kusoma, lakini kwa mwenye chuo kichwani, unesi, ualimu, kilimo, chochote, aende akaulize hapo chuoni wanataka D za masomo gani ndo arudi kuchagua kituo, sio kinyume chake. Kwa mabinti waliokatishwa na ujauzito, tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shule ya kawaida, na asiyetaka kukaa darasa moja na watoto wadogo kuna njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ambapo SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, umebeba mabinti bila ada, waulizie hapo kabla ya kulipa kituo cha mtu.

Na kama una miezi ya kusubiri kabla ya kujisajili, usinunue noti za masomo saba, tafuta mwalimu mmoja wa Kiingereza ukae naye kiangazi hiki, hesabu hata ikikugomea ukapata F bado D nne zinawezekana kwenye masomo mengine, ila Kiingereza kikikugomea kinaondoka na karibu yote, kinakuachia Kiswahili tu.